Maoni: Bukavu haihitaji lami tu, inahitaji mitaro na ngazi

Mvua ya saa moja inatosha kuusimamisha mji wa Bukavu. Ikianza alasiri, wanafunzi wanapotoka shule na ofisi zinapofunga, msongamano unaanzia Place de l'Indépendance na kuishika barabara ya Patrice Emery Lumumba hadi Nyawera. Teksi zinazima injini. Wamotari wanajibanza chini ya mabaraza ya maduka pamoja na abiria wao. Kutoka juu, upande wa Kadutu, maji mekundu yanashuka na mawe, chupa za plastiki na udongo wa viwanja vya watu, yakipita njia ileile ya magari. Mvua ikikatika, linabaki tope. Kesho yake vijana wenye majembe wanajaza mashimo kwa udongo na kuwanyooshea madereva mkono wapate faranga kidogo. Mvua inayofuata inauondoa udongo huo.

Kila uongozi uliopita Bukavu umeahidi barabara, na haki isemwe, baadhi zilijengwa. Lakini mazungumzo ya usafiri katika mji huu yamegeuka kuwa mazungumzo ya lami: imefika wapi, ni kilomita ngapi, nani amekata utepe. Kuna maswali mawili yasiyo na mwenyewe. Maji yatapita wapi? Na mtu asiye na gari atapita wapi? Katika mji uliokaa juu ya vilima, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mji unakua au unamomonyoka polepole kuelekea Ziwa Kivu.

Ili kuelewa Bukavu ilivyofika hapa, inabidi kurudi nyuma kidogo. Wabelgiji walipouita mji huu Costermansville, hawakuwa wakiujengea watu wengi. Rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, Muhumba, Nguba, La Botte na nyingine, zilikuwa za wazungu na ofisi zao. Waafrika waliwekwa Kadutu, kilimani, na baadaye Bagira, ambako Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa 1952, ilijenga nyumba za wafanyakazi. Barabara zilifuata mpango huo. Moja kubwa iliunganisha rasi na maduka. Nyingine ilimshusha mfanyakazi asubuhi na kumpandisha jioni. Nyingine ilizunguka ghuba kwenda Bagira. Kwa makumi ya maelfu ya watu, hizo zilitosha.

Leo Bukavu inakadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja. Ni makadirio tu, kwa kuwa sensa ya mwisho ya Kongo nzima ilifanyika 1984. Hata hivyo ramani ya barabara zake haijabadilika kwa kiasi hicho. Mtu wa Panzi anayetaka kufika Bagira bado karibu lazima apite katikati ya mji, kwenye barabara ileile ya wakati wa Wabelgiji, pamoja na lori la bia, gari la wagonjwa, basi dogo la abiria na mama aliyebeba makaa. Mji una uti wa mgongo mmoja. Ukiteguka mahali pamoja, mwili wote unalala.

Vita vya 1996 na vilivyofuata ndivyo vilivyojaza vilima. Familia zilikimbia Shabunda, Mwenga, Walungu, Kalehe. Zilipofika mjini hazikuuliza udongo upi ni imara. Ziliuliza wapi ni karibu na soko, kwa sababu mtu asiye na mshahara hula anachokipata siku hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuwa ndiyo unga wa jioni. Ndiyo maana mtu anakubali kujenga nyumba ya mbao pembeni mwa korongo huko Nyamugo au Cimpunda, badala ya kukaa kwenye ardhi tulivu zaidi upande wa Kabare au njia ya Kavumu. Korongo liko umbali wa kutembea hadi soko la Kadutu. Ardhi tulivu inataka nauli mara mbili kwa siku.

Kwa maneno mengine, nauli ndiyo iliyopanga Bukavu, kuliko ofisi yoyote ya mipango miji. Ni rahisi kuwalaumu waliojenga mahali pabaya, na viongozi hufanya hivyo kila nyumba zinapoanguka na watu kufa. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali. Basi mtu anayejenga korongoni akiwa na karatasi yenye mhuri mkononi alipata mhuri huo kwa nani? Viwanja vimekatwa kwenye mitaro, kwenye njia za miguu, hata mahali palipokuwa na ngazi za umma. Kila njia iliyozibwa na ukuta wa mtu ni maji yaliyonyimwa pa kupita, na maji hayana subira ya kungoja kesi mahakamani.

Hapa sayansi ina jambo la kusema, na linaihusu Bukavu moja kwa moja. Katika eneo la Funu, huko Kadutu, upande mzima wa kilima unateleza. Unateleza polepole sana, kiasi kwamba anayeishi juu yake anaona tu ukuta wenye ufa, mlango usiofunga vizuri, bomba lililochanika. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti uliofuatilia kilima hicho kwa takriban miaka 70, kwa kulinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka angani na vipimo vya satelaiti. Watafiti waliona kwamba mwendo uliongezeka pale mji ulipozidi kujengwa. Maelezo yao ni ya kueleweka hata kwa asiyesoma jiolojia: nyumba na njia zilibadilisha jinsi maji yanavyotembea. Maji ya mapaa hayana mtaro, mabomba yanavuja, njia zinakusanya mvua na kuimwaga mahali pamoja. Udongo unakunywa, unakuwa mzito, unasogea. Ukisogea, unavunja mabomba zaidi, na maji zaidi yanaingia. Mduara huo hauna pa kuishia mpaka mtu aukate.

Utafiti mwingine, uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2025, ulihesabu makorongo ya mijini katika Kongo nzima. Yalipatikana 2,922 katika miji 26. Kati ya 2004 na 2023, makorongo hayo yaliwaondoa majumbani mwao watu wapatao 118,600. Wanaoishi mahali ambapo makorongo yanatarajiwa kufika walikuwa milioni 1.6 mwaka 2010, na kufikia 2023 walikuwa milioni 3.2. Kinachopaswa kuwashtua wapangaji wa barabara ni mahali makorongo hayo yanapoanzia. Mengi sana yanaanzia kwenye barabara. Barabara isiyo na mtaro wa kutosha inakusanya mvua ya mtaa mzima, inaipa kasi, na inapofika mwisho inaimwaga kwenye mteremko. Siku ile ya kwanza ni shimo. Baada ya misimu michache ni korongo linalomeza nyumba, halafu linarudi kuimeza barabara yenyewe.

Basi mtu anaposema Bukavu inahitaji barabara zaidi, inafaa aulizwe: barabara zinazomwaga maji wapi? Kongo ina ofisi maalumu kwa kazi hii, Office des Voiries et Drainage, na jina lake limeshajibu. Limeweka barabara za mijini na mitaro pamoja, kama kazi moja. Walioliandika jina hilo walijua walichokuwa wakifanya. Kwenye ujenzi, nusu ya kwanza ya jina ndiyo inayopigwa picha.

Kuna sehemu nyingine ya usafiri wa Bukavu isiyoingia kwenye mipango yoyote, nayo ni mgongo wa mama. Asubuhi kwenye gati la Muhanzi, mashua zinapoleta ndizi, mihogo, makaa na mchanga kutoka pwani za ziwa na kisiwa cha Idjwi, wanawake wanasubiri mzigo. Anayepata anaufunga mgongoni, anaupitishia kamba kwenye paji la uso, anainama mpaka macho yanaona miguu yake tu, kisha anaanza kupanda. Mizigo mingine ni mizito kuliko aliyeibeba. Analipwa kwa safari. Mvua ikinyesha njia inateleza, na akianguka, mzigo ukamwagika, hasara mara nyingi ni yake.

Goma, mji wa tambarare ya lava, una chukudu, ile baiskeli ya mbao iliyobeba uchumi wa mji kiasi cha kujengewa sanamu. Bukavu ina wamama hao, na hakuna aliyewajengea hata ngazi yenye mahali pa kushika. Wanaitwa tatizo la kijamii, wanapangiwa semina, wanapewa mikopo midogo ya kuuza sabuni ili waache kazi hiyo. Si vibaya. Lakini mzigo bado lazima upande Kadutu, na usipobebwa na mama huyu utabebwa na mwingine. Njia ya miguu yenye ngazi pana za zege, mtaro pembeni, mabenchi ya mawe ya kutulizia mzigo kila baada ya hatua kadhaa, ingemsaidia kesho asubuhi kuliko semina tatu. Ingemsaidia pia mwanafunzi, mzee anayeshuka kwenda kituo cha afya, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku ambaye pikipiki haiwezi kumfikia.

Usiku huohuo wa Kadutu una hatari nyingine, ya moto. Nyumba za mbao zimeegemeana, jiko la makaa liko karibu na pazia, waya wa umeme umeunganishwa na fundi wa mtaani. Moto ukianza, gari la zimamoto likipatikana linaishia barabarani, kwa kuwa hakuna njia ya kuingia. Majirani wanabomoa nyumba zilizo mbele ya moto ili usivuke. Wanafanya kwa mikono, ndani ya dakika chache, kazi ambayo mpango wa mji ungekuwa umeshaifanya kwa kuacha nafasi.

Ziwa nalo ni barabara, na ndiyo pekee isiyohitaji lami. Kwa muda mrefu meli na boti za haraka ndizo zilizounganisha Bukavu na Goma kuliko magari, nyingi zikisafiri usiku na kufika alfajiri. Barabara ya taifa namba 2, inayopita Kavumu, Kalehe na Minova, ina historia yake ya tope na bunduki. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua zaidi ya watu 400 na kuikata njia hiyo. Mwaka 2024 mapigano upande wa Sake yaliifunga kwa wasafiri wa Minova kwenda Goma, nao wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ndogo ya Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Makumi walikufa. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, baada ya ajali nyingine ya ziwa hilihili, Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe na kuagiza kila abiria avae koti la kuokolea maisha. Agizo lilikuwa zuri. Lakini koti haliponyi meli iliyojazwa kupita kiasi kwa sababu barabara imefungwa na hakuna meli nyingine.

Ziwa lingeweza pia kutumika ndani ya mji wenyewe. Bagira na rasi za Ibanda zinatazamana kupitia maji. Boti ndogo zenye ratiba, gati lenye taa, bei iliyobandikwa ukutani na mtu wa kuhesabu abiria vingeipunguzia barabara ya katikati mzigo usio wa lazima. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji ufuko wa umma, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana sehemu kubwa ya ufuko wa rasi imekwenda kwa nyumba na hoteli, kuta zikishuka hadi majini. Mji umekaa ziwani lakini mwananchi wa kawaida akitaka kuligusa ziwa lazima atafute upenyo.

Kinachofika ziwani bila kutafuta upenyo ni taka. Chupa na mifuko inayoziba mitaro ya Kadutu na Nyawera ndiyo mvua inayoisukuma hadi Ziwa Kivu, na ziwa linatoka kwa mdomo mmoja tu, mto Ruzizi. Kwenye mto huo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, la tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Taka zinaelea hadi hapo, zinajikusanya mbele ya mitambo, na mara kadhaa zimeikwamisha. Umeme ukikatika, mashine za REGIDESO za kusukuma maji kwenda vilimani zinasimama. Na maji yakikosekana bombani, watoto wa Kadutu wanashuka na vidumu vya njano kwenda kutafuta kisima, halafu wanapanda navyo njia ileile ya tope. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa dekrii ya Desemba 2017. Soko la Kadutu halina habari na dekrii hiyo.

Mnyororo huu ungepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila anayepanga bajeti ya mji: mtaro ulioziba Nyamugo unazima taa Muhumba. Wenye nyumba nzuri za rasi wanaweza kudhani tope la Kadutu si lao. Wakiwasha jenereta usiku, wanalilipia kwa lita.

Nje ya mji hali si tofauti, ila hapo hadithi ni fupi. Tangu zamani Bukavu imetafuta njia ya kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga reli kutoka Uvira kupitia bonde la Ruzizi, ikaishia Kamanyola, chini ya milima, na mizigo ikahamishiwa malori. Reli ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na hakuna aliyeifufua. Kilichobaki ni barabara ya taifa namba 5 na miteremko yake ya Ngomo, ambako dereva wa lori anasali kabla ya kuteremka. Wengi wenye uwezo wa kupata karatasi wanavuka Ruzizi, wanapita lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha wanaingia tena Kongo kwa Kamanyola. Mtu anatoka mkoa wake, anapita nchi ya jirani, ili afike mkoa wake. Mpaka ukifungwa kwa siku mbili, bei ya unga na sukari sokoni inasema mara moja. Uwanja wa ndege wa Kavumu haukuwahi kuwa jibu la mtu wa kawaida, na tangu AFC/M23 ilipouteka Februari 2025, siku chache kabla haijafunga hesabu ya mji mzima, ndege za abiria zilisimama.

Bila shaka wapo watakaosema huu si wakati wa kuzungumzia mitaro. Mji umebadilisha mikono, benki zilifunga milango, mishahara haifiki, watu wanazika jamaa zao, na gazeti linaandika habari za ngazi za zege? Pingamizi hilo lina uzito. Lakini lilitolewa pia mwaka 1998, na mwaka 2004 mapigano yalipoingia mjini, na kila mara tangu hapo. Katika miaka hiyo yote vilima vya Bukavu havikungoja amani. Vilijengwa wakati wa vita, na vinateleza wakati wa vita. Mvua haina upande.

Wapo pia wanaotaka mambo makubwa. Medellín ya Colombia, mji wa milima na wa bunduki vilevile, mwaka 2004 ilianza kuwapandisha maskini wa vilimani kwa magari ya kamba, na 2011 ikaweka ngazi za umeme katika mtaa wa Comuna 13. Picha zake zinawavutia vijana wa Bukavu, na si ajabu. Ila magari ya kamba yanataka umeme usiokatika, na Bukavu inajua habari za umeme wake. Jambo la kuiga Medellín ni dogo zaidi: waliamua kwamba aliye kilimani ni mwananchi kamili, wakaanzia kwake badala ya kuanzia katikati ya mji.

Mfano wa karibu ni Dar es Salaam. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake, kama kilomita 21, na mradi ukaupa mji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Ni kazi ya kujivunia, na abiria wa Kimara aliyekuwa akikaa saa nyingi barabarani aliona tofauti. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mto ukafanya kilichotarajiwa. Mafuriko yaliingia mara kadhaa, mabasi yakaharibika, barabara ya Morogoro ikafungwa pale bondeni. Mji wenye wahandisi, bandari na fedha za wafadhili ulisahau kuuliza maji yatapita wapi. Bukavu haina nafasi ya kurudia kosa hilo kwa gharama zake.

Fedha zipo wapi? Kisheria zipo. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa 2008, na kila lita ya mafuta inayouzwa inakatwa kwa ajili yake, juu ya ada za vizuizi vya barabarani. Katiba ya 2006 inazipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Kivu Kusini haijawahi kuiona asilimia hiyo ikitimia, chini ya utawala wowote. Na tangu Februari 2025 mafuta yanayonunuliwa Bukavu yanakatwa kodi na mamlaka nyingine, ambayo nayo inapaswa kuulizwa swali lilelile lililoulizwa kwa Kinshasa: fedha za lita zinarudi barabarani kwa njia gani? Wamotari wanalipa vibandiko, mabasi madogo yanalipa maegesho, wauzaji wa Kadutu wanalipa kodi ya meza kila siku. Mji huu maskini unalipa sana. Kinachokosekana ni mtu wa kubandika ukutani hesabu ya kilichokusanywa na mita za mtaro zilizojengwa.

Mita hizo si ghali kama lami. Mawe yako Bukavu. Waashi wa mawe wako Bukavu, tena hodari; kuta zao za kuzuia udongo zinaonekana kwenye kila nyumba ya mwenye uwezo. Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu kina wanajiolojia wanaoweza kuonyesha mtaro gani uanze na korongo lipi lisiguswe. Salongo ya Jumamosi imezoeleka, ingawa mara nyingi inaishia kufagia mbele ya duka na kusukumia taka kwenye mtaro. Wakuu wa mitaa wanajua, bila kuhitaji satelaiti, ni njia ipi ilikuwa ya ngazi kabla fulani hajajenga ukuta. Kufungua njia hizo kutamgusa mtu mwenye rafiki juu, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko kuchanganya simenti.

Kiangazi cha Bukavu ni kifupi: Juni, Julai, Agosti. Septemba mawingu yanarudi juu ya Kahuzi. Ndani ya miezi hiyo mitatu, wale vijana wenye majembe wanaojaza mashimo kwa udongo wakinyoosha mkono kwa madereva wangeweza kulipwa na mji kwa siku kuzibua mitaro kutoka Kadutu hadi ziwani, kuanzia juu kushuka chini, mtaa kwa mtaa, jina la kila mmoja likiwa kwenye orodha na malipo yake pembeni. Majembe wanayo tayari.